Wanangu mliooana juzi, mnasubiri Dubai wakati ufukwe wa Raskazone upo hapo

Asalam aleikum wanangu, na Bwana asifiwe kwa nyie wa upande wa pili. Barua hii nawaandikia vijana mliooana mwaka huu na mwaka jana, hasa wa hapa hapa Tanga ambao harusi zenu tumezichangia mpaka pochi zikabaki na funguo tu. Nina hasira kidogo, nasema mapema, kwahiyo atakayeona bibi anafoka ajue anafoka kweli.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na siku hizi ni mjumbe wa baraza la usuluhishi wa ndoa kwenye kata yetu. Kwa wasiojua, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mtu kukimbilia mahakamani kudai talaka moja kwa moja, ukiacha sababu chache maalum, lazima shauri lipite kwanza barazani wasuluhishwe. Yani ndoa za watu zikipasuka sisi ndio tunaziona bado mbichi. Na nimeona mengi, lakini la juzi limenikaa rohoni.

Wamekuja vijana wawili (siwataji, na mambo mawili matatu nimeyageuza makusudi msianze kuulizana ni nani). Harusi yao naikumbuka vizuri, kamati ilikaa vikao hata sijui vingapi, grupu la wasap linalia usiku kucha "mjumbe punguza ahadi yako", kitchen pati, sendofu, ukumbi, emsii kutoka Dar, keki ina ngazi. Mwaka haujaisha wamekaa mbele yetu kila mtu anaangalia ukuta wake. Nikajiandaa kusikia hawara, au kipigo, au mama mkwe. Wapi! Binti analalamika tangu fungate hajapelekwa popote. Popote wapi mwanangu? Akasema hata Zanzibar tu jamani, wenzangu wanapelekwa Dubai. Mume naye akaja juu, huyu mwanamke hana shukrani, najiua na kazi nitafute hiyo hela ya Dubai, nikirudi nakuta mtu kanuna. Nikawauliza mnakaa wapi, wakasema Chumbageni. Mmewahi kutoka jioni nyie wawili mkatembea taratibu mpaka Raskazone, mkanunua muhogo wa kuchoma, mkakaa mkaangalia maji? Wakatazamana. Hapana bibi, hatujawahi. Kwanini? Hakuna sababu, haijatokea tu.

Haijatokea tu! Watu wanaishi mwendo wa nusu saa kutoka baharini, bahari hiyo hiyo inayofika Zanzibar, maji ni yale yale, halafu wanataka talaka kwa sababu hawajapelekwa baharini. Mwenzangu mmoja wa barazani ilibidi atoke nje akacheke.

Mimi sikucheka. Maana ukiwachimba unakuta hawa hawajakosa Dubai, wamekosana wao kwa wao. Hawajui mwenzao anapenda nini akiamka. Nilimuuliza yule kijana mkeo chai anakunywa ya rangi au ya maziwa, akababaika. Mwaka mzima! Mtu umelala naye kitanda kimoja mwaka mzima hujui chai yake, halafu unasema ulimpenda.

Sasa nifike kwenye jambo langu, wanaonijua wanajua nitaishia hapa tu, nalo ni kula. Leo nitalisema mpaka mnichoke. Kaeni chini mle pamoja. Mara moja tu kwa siku, hata kama ni bada (ugali wa muhogo) na ng'onda (samaki mkavu), hata kama ni mkate mkavu na chai ya tangawizi, lakini mle wote, sahani moja ikiwezekana, simu ziwe chumbani. Nyumba zenu nazijua maana mnanialika. Baba kashapita kijiweni kula zege, yani chipsi mayai, na washkaji, akifika nyumbani "mimi nimeshiba". Mama wa watu kapika tangu saa kumi na moja, kafunika kwenye hotpoti, anakula peke yake anaangalia tamthilia ya Kituruki. Mtoto analishwa huku kashikishwa simu ndio afungue mdomo. Wanakula watu watatu kwa saa tatu tofauti, kila mmoja na kioo chake, halafu nyinyi mnaiita hiyo nyumba. Mimi naiona ni gesti yenye jiko.

Na nyie wanawake msifurahi, nawajia. Siku mume kabahatika kuwahi, chakula kimepakuliwa vizuri, samaki wa soko la Deep Sea kakaangwa kakauka, unamwambia "subiri usiguse" mpaka upige picha uweke stetasi, ukimaliza kupiga unaanza kujibu waliokomenti, samaki kapoa, na mume kapoa. Wamekula watu wote wa wasap isipokuwa mwenye nyumba.

Ngamiani pale jirani yetu zamani kulikuwa na mzee mmoja, kazi yake ilikuwa kubeba mizigo bandarini, na mkewe akiuza vitumbua asubuhi. Hela hawakuwa nayo hata ya kusingiziwa. Lakini kila jioni mzee akirudi anaoga, anavaa msuli wake, anakaa kwenye mbuzi anakuna nazi, mkewe yuko pembeni anachambua mchele anamhadithia umbea wote wa siku, nani kagombana na nani, kuku wa nani kaingia kwa nani, na yule mzee alikuwa anauliza maswali! "Enhe, halafu akasemaje?" Mwanaume mzima kifua hiki, anakuna nazi anauliza akasemaje. Wakishakula wanatoa karata kwenye baraza ya nyumba yao, mke anamfunga anapiga vigelegele mtaa wote unajua mzee leo kalala tena. Watu walisema wee. Wakasema kakaliwa. Wakasema kalishwa limbwata, tena wanawake wenzangu ndio walisema sana, mmoja akaenda hadi kumuuliza bibi yule mganga wako yuko wapi na mimi unielekeze. Bibi akamwambia mganga ni pakiti ya karata, nenda dukani kanunue. Yule mama akaondoka kakasirika, akidhani kafichwa dawa.

Hamna dawa jamani. Ndio hicho tu walichokuwa wanakifanya, kila siku, na ndio kigumu maana hakina picha ya kuposti.

Wanaume wangu wa Kiislamu mnaopenda kumkumbusha mke haki za mume, zile hadithi nyingine mbona hamzitaji? Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha, mara ya kwanza Bi Aisha akamshinda, ikapita muda wakashindana tena Mtume akashinda, akamwambia hii ni kwa ile. Alikuwa akinywa anaweka mdomo pale pale kwenye chombo alipoweka mkewe. Na akiwa nyumbani alikuwa akiwasaidia kazi watu wa nyumbani mwake. Huyo ni Mtume mwenye umma mzima mabegani, wewe una genge la nyanya na pikipiki moja ya mkopo unasema huna muda. Na nyie Wakristo mnayo Mithali 15:17, ile ya mboga penye mapendano na ng'ombe mnono penye chuki, isomeni kabla hamjakodi ukumbi.

Nisiwaonee lakini, makosa si yenu peke yenu. Sisi wazazi ndio tumewafikisha hapa. Binti tunamfunda, tunamletea somo (kungwi wake), anasuguliwa mwili kwa singo, anafundishwa kufukiza udi na kutunga kikuba cha asumini, wiki nzima mtoto wa kike anaambiwa namna ya kumpendeza mume. Kijana wa kiume anafundwa nini? Anaulizwa suti ni ya rangi gani. Basi. Anaingia ndani ya nyumba hajui kwamba na yeye kuna kitu anatakiwa alete zaidi ya hela, na hela yenyewe ndio hiyo mnaijua. Halafu tunashangaa.

Na nyumba zenu mpya hizi, Mungu awabariki mmejenga, lakini mbona hazina baraza? Ukuta, geti, nondo, vyupa juu. Zamani mtu na mkewe walikuwa na pa kukaa jioni hewa ikipita, anayepita anasalimia, stori zinakuja zenyewe. Sasa jioni mko ndani na feni na televisheni, kitu cha kuongelea mtakitoa wapi? Waajiri nao wangekuwa hapa ningewasema, maana kuna vijana wanatoka kazini saa tatu usiku karibu kila siku, mtu huyo ukimwambia akakae baharini na mkewe anakuona mwehu, na ana haki. Ila huyo huyo ana siku moja ya mapumziko, na siku hiyo yuko uwanjani Mkwakwani kwenye mpira au yuko baa.

Kuna neno lingine la "amekaa tu nyumbani". Tunalisikia barazani kila kukicha, mume anasema vitu vyote vyangu huyu amekaa tu nyumbani. Mahakama ya Rufani ilishaamua tangu 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa. Zaidi ya miaka 40 imepita na bado kuna mtu anakula wali wa nazi anajilamba vidole anasema mpishi amekaa tu. Mwambie ahsante. Wallahi neno ahsante halikatwi kodi. Na mama nawe, mume akileta machungwa ya Muheza kwenye mfuko usiangalie kwanza kama yamebonyea, pokea, cheka, menya moja mle wote hapo hapo.

Mengine sitayarefusha maana mnayajua mnafanya makusudi. Salimianeni asubuhi kabla ya kushika simu. Msigombane mbele ya mtoto wala mbele ya dada wa kazi. Msipekuane simu, atafutaye hupata, na akipata moyo utauma. Mume oga, udi si wa mwanamke peke yake. Doti ya kanga kwenye sikukuu si hongo, ni adabu. Hela mkiwa nayo semeni, mkiwa hamna semeni. Chekeni kitandani. Mkisikia wimbo mnaoupenda kwenye redio chezeni hapo hapo jikoni, sisi enzi za Black Star na Lucky Star, vikundi vyetu vya taarab hapa Tanga, hatukusubiri ukumbi, na marehemu mume wangu alinibeba kwenye karia ya baiskeli yake mpaka Raskazone nikiwa na mimba kubwa, mpira ukapasuka njiani tukarudi kwa miguu tukicheka, Mungu amrehemu, hakuwahi kunipeleka mbali zaidi ya Korogwe na sijawahi kudai.

Halafu niwe wazi asije mtu akaninukuu vibaya. Haya yote ni kwa wanaopendana wakasahauliana. Binti unayepigwa, barua hii si yako, karata na nazi haviponyi ngumi. Wewe nenda polisi dawati la jinsia na watoto, nenda kwa mjumbe, njoo hata kwangu usiku, usikae hapo eti unapika vizuri zaidi labda atabadilika. Huyo tutaongea naye lugha nyingine.

Wale vijana wawili tumewapa muda warudi tena barazani. Niliwapa kazi kama wanafunzi, kila jioni watoke nyumbani wote wawili wakatembee, simu waziache, na kila mmoja akija aniambie vitu vitatu alivyovijua kwa mwenzie ambavyo hakuvijua. Binti alibetua mdomo. Kijana akauliza, tukikosa cha kuongea je? Nikamwambia muulize chai.

Na kamati ya harusi ya Desemba inayonipigia simu kila siku asubuhi, mweka hazina nimeshakujibu. Ahadi yangu ya ukumbi naifuta. Nimeshanunua mbuzi ya kukunia nazi, nzuri, ya mninga, nitaileta mwenyewe miezi miwili baada ya harusi nikakute mnakula nini, na nitamkabidhi bwana harusi, si bibi harusi. Kama mnaona aibu kunitangaza kwenye orodha ya wachangiaji, msinitangaze.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu, Tanga.