Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nani Anazisimamia Nyumba Wanamoishi Watu Wetu?

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu, na ninyi vijana wetu mliokuja kujisikilizia wenyewe, salamu.

Hesabu za chama atazisoma mhazini, na futari ya pamoja mliihudhuria wenyewe, kwa hiyo hayo nayaruka. Nafasi yangu ya leo naitumia kwa jambo lililoikalia kamati mwaka mzima: nyumba wanamoishi kwa kusaidiwa watu wetu wazima wenye ulemavu, na kaunsili, yaani serikali ya mtaa, inavyozisimamia au inavyoshindwa kuzisimamia.

Wanachama mliofika Uingereza karibuni mara nyingi hudhani nyumba hizi ni za kaunsili. Aghalabu sizo. Mtu wetu pale ni mpangaji, ana mkataba kwa jina lake, na kodi kwa kawaida hulipwa na Housing Benefit, yaani msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba. Wahudumu wanaomwogesha, kumpa dawa na kumpeleka sokoni wameajiriwa na kampuni nyingine. Kaunsili ndiyo inayopima mahitaji yake chini ya Care Act ya 2014, sheria ya matunzo ya watu wazima, inampangia saa za kuhudumiwa na kuzilipia, ingawa naye huweza kutakiwa achangie. Kwa hiyo bomba likivuja usiku ambao mhudumu wa zamu hakutokea, mzazi anapiga simu tatu, kwa mwenye nyumba, kwa kampuni na kwa kaunsili, na kila anayepokea anamwambia awaulize wale wengine.

Mkilalamika huambiwa, "Wapo CQC, wanakagua." CQC ni tume inayokagua huduma za afya na matunzo, na ni kweli wapo. Lakini katika makazi ya namna hii CQC hukagua huduma ya mwili, kama kuogesha, kulisha na kuvisha. Jengo si lao. Na kampuni inayosaidia kupika na kufagia tu haidaiwi hata kujisajili kwao. Isitoshe, Oktoba 2024 Dkt. Penny Dash, aliyepewa na serikali kazi ya kuichunguza CQC yenyewe, alieleza kwamba ukaguzi umepungua sana kuliko kabla ya korona na kwamba baadhi ya watoa huduma wamekaa miaka bila kufikiwa. Mzazi anayelala usingizi kwa kuwa aliona alama ya "nzuri" kwenye tovuti, aitazame kwanza tarehe ya ukaguzi huo.

Ndiyo maana kamati iliielekea kaunsili. Mwenye pesa na mkataba ni yeye, na kifungu cha 42 cha Care Act kinamlazimu kufanya uchunguzi anapokuwa na sababu ya kudhani kwamba mtu mwenye mahitaji ya matunzo anateswa au anapuuzwa na hawezi kujikinga. Tuliandika ombi kwa sheria ya uhuru wa habari, inayotaka jibu ndani ya siku 20 za kazi, tukiuliza wanafuatiliaje kampuni wanazozilipa. Jibu lilikuja limechelewa, na kwa ufupi lilisema hivi: kampuni hujaza fomu ya kujitathmini, afisa mikataba huisoma, na ziara hufanyika panapotokea wasiwasi. Yaani anayekaguliwa ndiye anayeandika ripoti ya ukaguzi. Nililisema hilo mbele ya diwani wetu, na hakunipinga.

Mfano ulio wazi zaidi umetoka humu humu chamani, na mama mwenyewe ameniruhusu kuueleza. Mpango wa matunzo wa mwanawe unampa saa za mhudumu mmoja peke yake ili atoke, aogelee, aende msikitini. Mama akawa anaandika kwenye daftari nani alikuwepo na lini, kisha akaomba karatasi za zamu. Saa zile zile alizoandikiwa mwanawe, mhudumu huyo huyo alikuwa ameandikiwa pia wapangaji wengine wawili. Kijana alikuwa anakaa mbele ya televisheni, na kaunsili inalipia kuogelea. Sidhani kampuni ile imejaa watu wabaya. Mishahara ni midogo, wahudumu wanahama kila siku, na mlioifanya kazi hiyo humu ndani mnaijua vizuri kuliko mimi. Lakini daftari la mama lilifanya kazi ambayo fomu haikuifanya. Kaunsili iliitisha kumbukumbu za kampuni, saa zikarudishwa, na mapitio ya mpango wake yakafanyika baada ya kucheleweshwa muda mrefu. Mwongozo wa serikali unataka mapitio yasipite miezi 12. Msingoje barua, andikeni ninyi kuyaomba.

Katika mapitio, mambo mawili. Mhudumu wa kampuni asiwe mkalimani, hata akiwa anajua Kiswahili, Kibarawa au Kilingala kama maji. Mtu hawezi kumsema mhudumu wake kwa kinywa cha mhudumu huyo huyo. La pili, mtu akipata shida kubwa ya kushiriki na hana ndugu au rafiki wa kumsimamia ipasavyo, kifungu cha 67 cha Care Act kinaipa kaunsili wajibu wa kumtafutia mtetezi huru. Mtetezi huyo aombwe kwa maandishi.

Familia mbili zimeuliza kuhusu binti zao waliopelekwa miji mingine. Kaunsili iliyompeleka ndiyo inayoendelea kuwajibika kwa matunzo yake, kwa hiyo msikubali kuzungushwa. Na waliouliza kuhusu mlango unaofungwa kwa ufunguo kutwa kucha: ikiwa mtu hana uwezo wa kuridhia na anazuiwa uhuru wake hivyo, katika makazi haya ruhusa hutoka Court of Protection, mahakama inayoamua mambo ya watu wasio na uwezo wa kujiamulia. Meneja wa nyumba hana mamlaka hayo.

Tuliiomba kaunsili iwe inafanya ziara za kushtukiza. Wamekubali kwa kampuni chache kwanza, kwa sharti ambalo mimi naliunga mkono ingawa baadhi yenu mlinung'unika: mpangaji aulizwe kama anakubali mgeni aingie. Nyumba ni yake. Hata sisi wazazi tubishe hodi na kungoja kuitikiwa.

Kuhusu sheria ya 2023 ya usimamizi wa makazi yenye msaada, serikali ilikusanya maoni mapema 2025 juu ya viwango na leseni zitakazotolewa na kaunsili. Itawabana wenye nyumba wa hovyo, na ni vyema. Saa za huduma zilizoyeyuka haitazirudisha, kwa hiyo sikuona sababu ya chama kuisubiri.

Malalamiko mawili tuliyoyasimamia bado yako kaunsili. Yakikwama yatakwenda kwa Local Government and Social Care Ombudsman, mchunguzi huru wa malalamiko dhidi ya kaunsili, ambaye kwa kawaida hutaka afikiwe ndani ya miezi 12 tangu mlalamikaji ajue tatizo. Mwenye jambo la zamani asikae nalo.

Katibu wetu anapumzika baada ya utumishi mrefu, na nafasi yake itapigiwa kura leo baada ya hesabu. Nakala za barua ya kuomba mapitio na karatasi za zamu ziko mezani karibu na mlango, kwa Kiswahili na Kiingereza. Ya Kiingereza ndiyo ya kutuma, na mbakize nakala nyumbani yenye tarehe.