Barua kwa Ndekirwa: usichemshe yale mawe

Pasua, Moshi
Februari 16

Kwa ndugu yangu Ndekirwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa Naomi. Huku sote wazima, ila joto. Ikifika saa nane mchana hata mbwa wanaacha kubweka, na feni mbili nilizoelekeza juu ya tangi langu la samaki na matumbawe ya baharini hazizimwi mpaka jua lizame.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umesema umechoka, mwani umekushinda kwenye tangi lako, na Jumamosi unatoa mawe yote uyachemshe kwenye ile sufuria kubwa ya pilau ili uanze upya. Nakuomba, kabla hujasoma mbele: usichemshe hata jiwe moja. Kwenye yale mawe tuliyogawana siku yule Mjerumani wa Njiro alipokuwa anahama, kuna vile viumbe vidogo kama vifungo vya shati, vya kijani na vya kahawia, vinavyojifumba ukivigusa. Jamii yao ina sumu inayoitwa palitoksini. Wanasayansi waliitenga kwa mara ya kwanza huko Hawaii mwaka 1971, na ni moja ya sumu kali kuliko zote zinazotoka baharini. Jiwe likiwa majini limetulia, halina neno na mtu. Ukilichemsha, sumu inaweza kupanda na mvuke mpaka kwenye mapafu. Huko Ulaya na Marekani zipo familia zilizopelekwa hospitali nyumba nzima kwa sababu mtu mmoja alisafisha mawe ya tangi kwa maji ya moto. Na Naomi anafanyia kazi zake za shule hapo hapo jikoni. Sufuria irudi kabatini, kaka.

Sasa twende kwenye mwani wenyewe.

Picha nimezikuza nikaziangalia moja moja. Hizo nyuzi za kijani, laini, ndefu kama kidole, zinazolala upande ule pampu inakovumia, ni mwani nywele. Si ugonjwa, wala si laana ya tangi lako. Ni mmea umepata chakula na mwanga ukaona hapa ni kwetu. Umeshaung'oa mara nne tangu Krismasi na mara zote unarudi, maana yake chakula hakijakatika. Nimekaa nikajiuliza kinatoka wapi, nikakumbuka kitu nilichokiona kwako mwenyewe siku ile ya Krismasi.

Ulinionyesha kwa furaha lile pipa la chujio jikoni, la mkaa wa mifupa. Ukaniambia kwa nini wewe hucheki kwenye picha, na kwamba uliapa meno ya Naomi hayatakuwa kama yako. Niliguswa sana. Watu wa chini ya Meru mmeonewa na miamba. Volkano imeyajaza maji yenu floridi, ambayo ikizidi inaharibu meno; Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya upande wenu vinapita hapo mara kadhaa. Mkaa wa mifupa unainasa floridi vizuri. Halafu nikakuona unachota maji ya pipa lile lile na kujazia tangi, ukasema, "Haya ndiyo masafi kuliko yote nyumbani."

Hapo ndipo nadhani tatizo lilipo. Mfupa umejengwa kwa kalsiamu na fosfeti. Ukiuchoma ukawa mkaa, fosfeti haiendi popote, na mkaa ule unaweza kuiachia majini kidogo kidogo. Kwa mtoto anayekunywa haina shida yoyote. Kwa mwani ni samadi.

Utasema ni kidogo sana. Ni kweli, kwa siku moja. Lakini mimi nimekulia Tanga, nimeona mashamba ya chumvi yanavyofanya kazi: unaingiza maji ya bahari kwenye jaruba, jua linachukua maji, kilichokuwamo kinabaki. Tangi lako linafanya hivyo hivyo. Kila siku yanapungua kama lita nne kwa mvuke, na mvuke ni maji matupu. Unajazia lita nne zenye fosfeti, kesho zinapanda tena maji matupu, fosfeti inakaa. Kwa mwezi umejazia lita 120. Tuseme kila lita ina nusu miligramu tu. Ni miligramu 60 zimeingia kwenye tangi la lita 300, yaani 0.2 kwa kila lita, mwezi mmoja peke yake. Sisi wa matumbawe tunataka fosfeti iwe kati ya 0.03 na 0.1. Na usikimbilie bomba ukidhani ndilo tiba, kwa sababu maji ya kupita kwenye miamba ya volkano yana silika pia, na silika ndiyo inayolisha lile vumbi la kahawia ulilokuwa ukilifuta kwenye kioo miezi ile ya mwanzo.

Kwa hiyo kwenye kifurushi nimekuwekea kipimo changu cha matone. Pima mara tatu: maji ya pipa, maji ya bomba, maji ya tangi. Weka matone, tikisa, subiri dakika zilizoandikwa kwenye karatasi, kisha linganisha rangi ukiwa dirishani mchana, si chini ya taa. Buluu ikikolea, fosfeti ipo. Kama nimekosea kuhusu pipa, rangi itasema, na nitafurahi kukosea.

Kama sijakosea, pipa libaki jikoni hapo hapo. Tafadhali usije ukaliondoa kwa ajili ya samaki. Tangi litafutie mtambo wa kuchuja kwa utando, ule wanaotumia watu wa maji ya chupa, lakini wenye kopo la resini mwishoni. Chukua na kile kipimo kidogo cha umeme cha chembe zilizoyeyuka. Kikisoma sifuri, jazia. Kisiposoma sifuri, usijazie. Angalizo moja: mtambo huo unamwaga maji mengi kuliko unayoyapata, na yale yanayomwagwa yana floridi iliyokolea zaidi. Deki nayo, oshea gari. Usimpe ndama.

Halafu kuna jambo ninalotaka unisikilize kuliko hilo la pipa, kwa sababu limeniuma mwenyewe.

Ukishajua adui ni fosfeti utataka kuimaliza kabisa. Nilifanya hivyo mwaka juzi. Mwani ulikuwa umenijaa kama wako. Nikawa nabadilisha nusu ya maji kila wiki, nikatia zile chembe nyekundu za chuma zinazonyonya fosfeti, tena nyingi kuliko ilivyoandikwa, nikapunguza chakula mpaka samaki wakawa wananifuata kwenye kioo kila nikipita. Baada ya wiki tatu naitreti, chakula kingine cha mwani, sifuri, na fosfeti sifuri. Mwani nywele ukapauka ukakatika wenyewe. Nilimwita mke wangu aje aone.

Siku ya kumi hivi nikaona juu ya mchanga kitu kama kamasi la kahawia, lina viputo vya hewa vimeshikilia ncha. Nikalifyonza lote. Kesho yake mchana likarudi, zaidi ya jana. Usiku nikiwasha tochi, karibu halipo. Konokono wakaanza kudondoka kutoka kwenye kioo mmoja mmoja, wanalala chali, ukiwageuza hawashiki. Ilikuwa dinoflajelati. Hao ni viumbe wa seli moja wanaopata nafasi pale washindani wao wanapokufa njaa, na baadhi yao wana sumu ya ukoo ule ule wa palitoksini niliokutajia. Mimi ndiye niliyewafungulia mlango kwa kuwaondolea wenzao wote. Unakumbuka lile tumbawe langu la nyundo, lenye vikono vya kijani vyenye vichwa kama nyundo ndogo, ulilolisifia mara ya kwanza ulipofika kwangu? Lilijikunja, likabaki mfupa mweupe katika siku tano. Bado sijatoa ule mfupa.

Kutoka hapo kulinichukua wiki sita. Niliacha kubadilisha maji, nikatoa zile chembe, nikalisha samaki wakashiba, nikalifunika tangi kwa blanketi siku tatu bila taa. Naitreti ilipofika 5 na fosfeti 0.05 lile kamasi likapungua, kisha ule utando wa zambarau wa chokaa, dalili ya tangi lenye afya, ukaanza kutambaa tena kwenye mawe. Siku nilipoona doa la kwanza la zambarau nilikaa pale kwenye kigoda nusu saa nzima, naangalia.

Basi wewe shusha polepole. Tena ujue kwamba mawe yako yamekunywa fosfeti mwaka mzima na yatakuwa yanairudisha majini kidogo kidogo, kwa hiyo hata ukiwa na maji safi kabisa, kipimo kitachukua wiki nyingi kushuka. Usikate tamaa hapo katikati. Na ukiona kamasi la kahawia lenye viputo, chukua kidogo kwenye chupa ya maji ya tangi, tikisa mpaka lisambae, chuja kwa karatasi ya jikoni, acha chupa kwenye mwanga saa moja. Likijikusanya tena likawa nyuzi, nipigie hata usiku wa manane.

Kung'oa kwenyewe: fanya jiwe moja au mawili kwa wiki, si yote. Chota maji ya tangi kwenye ndoo, yale unayotaka kubadilisha, zamisha jiwe humo, vaa glavu na miwani, usugue kwa mswaki mgumu jiwe likiwa chini ya maji muda wote. Mwani ushike shinani karibu kabisa na jiwe, uuzungushe kama unavyozungusha tambi kwenye uma, ndipo uvute. Ukivuta juu juu shina linabaki na wiki ijayo umeshaota. Vile vifungo vipitie mbali. Suuza jiwe kwenye ndoo ya pili yenye maji ya chumvi, lirudishe. Ndoo ya kwanza mwaga chooni. Ukifanyia kazi hii ndani ya tangi, vipande vitaenda kuota kila kona.

Taa umesema zinawaka kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku. Punguza ziwe saa nane tu. Na lile dirisha la kuelekea mlimani weka pazia, jua la asubuhi linapiga upande wa kushoto moja kwa moja, na ndiko mwani ulikojaa. Chakula cha barafu kiyeyushe kwenye chujio la chai, lile juisi limwage. Najua Naomi ndiye anayewalisha na anawapenda. Mpe kijiko kimoja kidogo kiwe chake, ajue hicho kikiisha ndiyo basi mpaka kesho. Kuhusu kumnunua kangaja ili ale mwani, hapana. Atakula, lakini kangaja ni samaki wa kukimbia mwamba mzima, na lita 300 ni jela kwake.

Uliniomba pia nikuletee madumu ya maji ya bahari nikienda Tanga mwezi wa nne. Nitakwenda, lakini maji sitaleta. Mwezi wa nne ni masika, na ufukwe unapokea kila kilichooshwa bara. Kikuletwa inatoka kwenu Meru, Ruvu inatoka huku kwetu, zinakutana Nyumba ya Mungu na kushuka Pangani pamoja na udongo na mbolea za mashamba ya njia nzima. Matumbawe ya kule nje yanapata shida ile ile ya tangi lako, na hayana mtu wa kuyasugua kwa mswaki. Wakati wa kaskazi, maji yakiwa yamejaa na mbali na mdomo wa mto, ndiyo nitakuchotea. Kwa sasa changanya ya chumvi ya pakiti.

Kwenye kifurushi, pamoja na kipimo, kuna kopo pana lenye konokono kumi na tano wale wadogo wenye gamba refu. Wamezaliana humu humu kwangu baada ya lile janga, ni watoto wa watatu waliobaki. Usiwamwage tu tangini. Waweke kwenye bakuli na maji yao, udondoshee maji ya tangi lako kwa mpira mwembamba, tone tone, saa nzima, kwa sababu chumvi ikibadilika ghafla wanakufa. Halafu mmoja mmoja kwa mkono, wakiwa wameinama, juu ya jiwe.

Basi linatoka hapa saa nne asubuhi kesho, Jumanne, na kondakta nimempa namba yako. Kawahi stendi, jua lisilipate hilo kopo. Ukishapima yale maji matatu nitumie picha za rangi zote tatu, na ya pipa iwe ya kwanza.

Nduguyo,
Hassani