Rangi ya nyota haisemi ukubwa wake

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya anga ya Jumapili ilidai kwamba nyota ya rangi ya chungwa ni jitu lililozeeka, kama Aldebaran, yule jirani wa Kilimia. Mfano ni sahihi, kanuni siyo. Rangi hueleza joto la uso wa nyota, basi.

Chukueni 61 Cygni, katika kundinyota la Dajaja, lenye umbo la ndege. Nayo ni ya chungwa, lakini ni nyota mbili ndogo zinazozungukana. Kubwa yao ina kipenyo cha theluthi mbili tu ya Jua, ilhali Aldebaran hulipita Jua zaidi ya mara 40. Uso wa kubwa hiyo ya 61 Cygni una nyuzi kama 4,200 za Selsiasi; wa Jua una 5,500. Nuru yake ni kama sehemu moja ya saba ya nuru ya Jua, ndiyo maana ni hafifu ingawa iko karibu, miaka ya nuru 11.4 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Kipimo cha umbali wake mwanaastronomia Mjerumani Friedrich Bessel alikitangaza mwaka 1838, cha kwanza kuaminika kwa nyota yoyote isipokuwa Jua.

Mwishoni mwa Septemba, saa tatu na nusu usiku, tazama kaskazini. Kutoka Dar es Salaam ndege huyu husimama mkia chini: mkia ni Deneb, inayong'aa kuliko zote pale. Deneb, kifua na bawa la kulia ni pembe tatu za msambamba; ya nne, kulia, ndiyo 61 Cygni. Mbalamwezi na taa za mjini huificha.

Darubini ya mkono ya 10x50 (ukuzaji wa mara 10, lenzi za milimita 50) huzitenganisha nyota hizo mbili, ila iegemezwe ukutani, kwani mkono ukitetemeka mbili huwa moja. Kwa darubini ya lenzi ya milimita 60, ukuzaji wa mara 30 unatosha. Ukizidisha sana, rangi hupauka. Vuruga fokasi kidogo na chungwa litajitokeza. Wala msiitazame ikiwa chini karibu na upeo: huko vumbi na hewa nzito huipa hata nyota nyeupe rangi ya chungwa, na huenda ndiko wengi wanakokosea.

Mwenye subira achore nafasi ya 61 Cygni kati ya nyota za nyuma. Baada ya miaka sita hivi, jozi yote itakuwa imesogea umbali sawa na ule ulio kati ya nyota hizo mbili.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam