Kwa mwanangu aliyesema Kiswahili hakifiki huko

Baba,

Binamu yako kanionyesha kwenye simu yake kwamba umeanza tena kuandika, na kwamba ile hadithi ya majua mawili sasa unaitoa kwa Kiingereza. Hongera. Nakupa kwa moyo mweupe, maana naujua mwanzo wake, daftari la mistari na kalamu ya risasi, umelala kifudifudi pale ukumbini, nyanya yako anakupigia kelele uwashe taa usije ukaharibu macho. Lakini mwisho wa maelezo yako umeandika kwamba Kiswahili ulikiacha kwa sababu shangazi yako alikukatakata maneno mpaka hukubakiwa na kitu cha kuandikia. Mashangazi unao wengi, anayeshika kalamu nyekundu ni mmoja, na mtaa mzima unamjua. Umeyasema mbele za watu, nami nitakujibu mbele za watu.

Sikukukata. Daftari ninalo, liko kwenye kasha la nyanya yako, na sura yote ya kwanza ina maneno manne tu niliyoyazungushia: kaskazini, Ijumaa, mwezi, na saa mbili asubuhi.

Kaskazini ni huko unakotoka upepo wa kaskazi, huu unaotuvumia kuanzia Disemba hadi Machi, ulioleta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi bandarini kwetu karne baada ya karne. Nahodha wako anasafiri juu ya bahari ya chumvi kavu kwenye sayari ambayo haijawahi kuona jahazi. Huo upepo kaupata wapi? Ukiandika Ijumaa mimi nasikia adhana. Kama huko kuna adhana, nieleze, nitafurahi kujua. Kama hakuna, siku hiyo itafutie jina. Halafu anga lako lina miezi miwili, na mtoto wa nahodha ana miezi sita. Sita kwa mwezi upi? Na saa, baba, hiyo ndiyo iliyonisisimua kuliko zote. Sisi tunahesabu saa tangu jua kuchomoza. Kwako yanachomoza mawili. Wanahesabu kutoka lipi? Niliandika swali hilo pembeni kwa sababu niliona ndani yake mna hadithi nzima, mna watu wa jua kubwa na watu wa jua dogo wanaoishi nyumba moja na hawakubaliani saa ya kula. Nilidhani utaruka kwa furaha. Ulinuna wiki nzima.

Mengine yote niliyaacha. Meza niliiacha, ingawa neno lenyewe tumelipata kwa Wareno, hao hao walioanza kuijenga Ngome yetu hapa Mombasa mwaka 1593. Tukianza kufukuza kila neno lenye asili ya hapa duniani, nahodha wako hana pa kuweka kikombe, na yeye mwenyewe atafukuzwa, maana neno nahodha limetoka Uajemi. Waandishi Isaac Asimov na Robert Silverberg walipotoa riwaya ya Nightfall mwaka 1990, ya sayari yenye majua sita, walitanguliza maelezo kwa msomaji: dunia hii si yetu, ila tumetumia maneno uliyoyazoea, ya vipimo na vyombo, usije ukajikwaa kila mstari. Basi. Wakaendelea na hadithi yao. Na nyanya yako alikuwa akifanya nini kila usiku, tukishamwitikia pakawa? Zimwi wake alitoka kuzimu, akala kijiji kizima, na alisema Kimvita safi kushinda wengi wetu. Hukuuliza hata siku moja kajifunzia wapi.

Msimuliaji ndiye mkalimani, mwanangu. Nilikwambia hivyo, tena taratibu, tukiwa wawili. Watu wa huko wanasema lugha yao, wewe unatuletea kwa yetu. Kazi yako ni kulijua neno gani linamrudisha msomaji Mombasa bila wewe kutaka, ulitoe hilo, na mengine uyaache yafanye kazi.

Na wewe ulilijua hilo kabla yangu! Ndiyo maana sikuelewa. Lile jiwe, baba. Mwanzo wa sura jiwe limelala njiani, nahodha analiinamia, analigusa, limepoa. Anaketi karibu yake kupumzika. Anasema na nafsi yake, analia kidogo kwa ajili ya mkewe. Kisha umeandika: "Jiwe akaguna." Hukuandika likaguna, wala hukuongeza sentensi ya kueleza kwamba mawe ya huko yana roho. Ulibadilisha herufi tu, na nyanya yako, niliyekuwa nikimsomea kitandani, akanishika mkono akasema, "Ala! Kumbe ni mtu!" Nimefundisha ngeli maisha yangu yote ya kazi, na sikuwahi kuziona zikifanya jambo kama lile. Pembeni pale niliandika "Mashaallah". Hilo hukulitaja kwenye maelezo yako.

Kwa Kiingereza utafanyaje? Jiwe likishaamka itakubidi useme ni dume au ni jike. Mwandishi Ursula Le Guin alitoa riwaya mwaka 1969 juu ya watu ambao, siku nyingi za maisha yao, si wanaume wala si wanawake, na Kiingereza kikamtia kwenye neno la kiume kitabu kizima. Alilaumiwa kwa hilo miaka mingi, na yeye mwenyewe alilirudia mara kwa mara. Wewe ungeandika "alikuja", yakaisha.

Sasa nifike pale ambapo sote wawili tunapazunguka.

Usiku wa arobaini ya nyanya yako. Hitima imekwisha, wanaume wametoka barazani, sisi tuko ndani, dirisha la ukumbi liko wazi kwa sababu ya joto. Nimeshika dele, natia kahawa vikombe vya kupeleka nje. Nikakusikia unawasomea. Nikafurahi, nakuapia, nikawaambia shangazi zako wanyamaze tusikie. Nikangoja jiwe. Jiwe halikuja. Umelitia jina la ajabu, herufi za koo tupu na alama ya mkato katikati, na wewe mwenyewe mwenye jina ulijikwaa kulitamka, ukarudia mara mbili. Bahari ya chumvi nayo imepata jina la namna hiyo, nahodha pia, maji pia. Maji! Na palipokuwa na ule mguno, umeweka maelezo marefu ya namna mawe ya huko yanavyofikiri.

Ami yako mkubwa akauliza kwa upole, kama kawaida yake, "Hili dude ndiyo nini kwa lugha yetu?" Nawe ukajibu, "Ami, hakuna neno. Hii ni lugha ya samaki na nazi, huko haifiki." Wakacheka. Nilisikia kicheko chako juu ya vicheko vyao vyote. Kahawa ilijaa kikombe ikamwagika juu ya sinia la haluwa, na dada yangu akanitoa dele mkononi.

Lugha ya samaki na nazi ndiyo aliyokulea nayo nyanya yako. Udongo wake haujakauka, umekaa kwenye baraza yake, unakunywa kahawa ya matanga yake.

Watu wa hapa nyumbani wanasema kwamba maneno makali niliyokwambia asubuhi yake ndiyo yaliyokufukuza. Mama yako hadi leo ananipa salamu za mdomoni. Mimi nauliza, ningenyamaza? Kama mwanafunzi wangu angeyasema hayo darasani ningemjibu, sembuse mtoto niliyemshika kalamu? Nilikujibu kwa sababu nilikuona una kitu. Wasio na kitu huwa nawapa alama zao wakaenda.

Tena si kweli kwamba haifiki. Ilishafika, na waliokuja kuichukua ni watu wa mbali. Mwaka 1966 Wamarekani walipotengeneza Star Trek, ile tamthilia ya televisheni ya safari za angani, yule luteni wa mawasiliano walimpa jina Uhura, kutokana na uhuru wetu huu, na mle ndani anasema Kiswahili. Hata lugha ya jirani zetu ilifika: mwaka 1983, katika filamu ya Return of the Jedi, rubani mwenye mashavu makubwa, Nien Nunb, sauti yake ni ya mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich, na watazamaji wa Kenya walikaa sinemani wakasikia Kikuyu kinatoka angani. Frank Herbert alipoandika riwaya ya Dune, mwaka 1965, watu wake wa jangwani wanamngojea Mahdi, wanamwita Lisan al-Gaib, na mtoto yeyote wa mtaa wetu wa Kibokoni aliyekaa chuo cha Kurani haambiwi lisani ni nini wala ghaibu ni nini. Wewe ulikisoma kitabu hicho mapema kuliko sote, ukaja mbio jikoni kunionyesha jina hilo, vidole vimejaa unga wa mahamri. Ulikuwa na furaha ya mtu aliyemkuta jamaa yake ugenini. Yule mtoto alikwenda wapi?

Sikatai uandike Kiingereza. Andika, uuze, ule. Nyumba unayokaa huko hailipiwi kwa methali. Unapata baridi? Mama yako anasema unakohoa. Kunywa tangawizi, usidharau, na usilale na kichwa kitupu.

Ila usiandike tena kwamba mimi ndiye niliyekupokonya dunia yako. Daftari liko kashani, halikuchanwa, na jiwe bado linaguna. Ukilitaka nitalipiga picha ukurasa kwa ukurasa nikutumie, na kalamu yangu utaiona pale ilipo, uhesabu mwenyewe ni maneno mangapi. Lile swali la saa pia lijibu, nimekaa nalo miaka yote hii na mimi naona ni jua dogo.

Na ile kauli ya barazani uje uitengue. Sitaki ya simu wala ya kuandikwa. Ami yako mkubwa yupo, na wale waliocheka wengi wao wapo, bado hukaa pale pale baada ya isha. Uje ukae kati yao useme, nami nitakuwa ndani, dirisha nitaliacha wazi.

Shangazi yako