Barua kwa mdogo wangu anayetaka kumtupa mbwa wake

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Unasema Komando amekushinda. Anabweka usiku kucha mpaka majirani wanagonga geti, juzi amemrarua suruali kijana wa boda aliyeleta mtungi wa gesi, na sasa umepata mtu wa kumchukua akamwachie mbali, huko upande wa Gayaza. Nakujibu hapa hadharani bila kutaja jina lako, kwa sababu nyumba nyingi za Kampala na Wakiso zina mbwa wa namna hii, na wenye nyumba wanasema maneno haya haya. Nakuomba usimtupe. Mbwa aliyezoea kulishwa, ukimshusha kando ya barabara asiyoijua, atakufa kwa njaa au kwa gari, au atamng'ata mtoto wa mtu.

Nilipokuja kwenu Idi nilimwona alipo. Yuko nyuma ya nyumba, ukutani, amefungwa mnyororo mfupi tangu asubuhi mpaka saa nne usiku mnapomfungulia. Watoto wanacheza mbele, anawasikia. Geti linafunguliwa, analisikia. Pua yake ina vipokezi vya harufu vinavyoweza kufika milioni 300, sisi tuna kama milioni 6 tu. Kwa hiyo kila anayeingia kwako, Komando amekwisha kujua yupo. Anajua kuna mtu, lakini hawezi kumwendea akamnusa akamjua, wala hawezi kumkimbia. Mnyama akiogopa hukimbia, na akikosa pa kukimbilia hupigana. Huyu mmemfungia njia ya kukimbia kila siku tangu akiwa mdogo, kisha mnashangaa amejifunza kupigana.

Uliniambia mbwa asipofungwa mchana hawi mkali usiku. Wengi wanaamini hivyo hapa kwetu, na ni kweli aliyefungwa anakuwa mkali. Ila mlinzi anatakiwa kupambanua: huyu ni wa nyumbani, huyu ni mgeni aliyekaribishwa, huyu anaruka ukuta. Mbwa asiyewahi kukutana na watu kwa utulivu hana namna ya kujifunza tofauti hiyo. Kwake mwizi na muuza maziwa ni mtu mmoja. Waangalie mbwa wa polisi, wale wanaozalishwa na kufunzwa Nagalama. Wanatumwa kufuata nyayo za mwizi huku kijiji kizima kimesimama kinatazama, na wanaweza kazi hiyo kwa sababu kila mbwa ana askari anayemlisha, anayemsafisha na kutembea naye. Ukaribu na mtu haujawapunguzia kazi hata kidogo.

Mdogo wangu, Komando amekuwa akisema nanyi muda mrefu. Wifi aliniambia alimrukia yule kijana wa boda "ghafla tu." Mbwa wachache sana hung'ata ghafla. Kabla ya meno kuna mambo mengi ambayo sisi hatuyaangalii. Anageuza uso pembeni. Analamba midomo wakati hakuna chakula. Anapiga miayo na wala hana usingizi. Weupe wa jicho unaonekana kwa kando. Masikio yanalala nyuma, mwili unakakamaa, nywele za mgongoni zinasimama. Usidanganywe na mkia pia. Mkia unaotikisika ukivuta na kiuno chote, mwili ukiwa laini, hiyo ni furaha. Mkia ulioinuka juu, mgumu, unaotikisika kwa haraka na kwa kifupi, huyo mpishe njia. Kisha ndipo anaponguruma, na kunguruma ni onyo la heshima kubwa kutoka kwa mnyama mwenye meno yale. Nilimwona askari wenu wa kulinda nyumba akimpiga fimbo kwa sababu amenguruma. Tafadhali mkatazeni. Mbwa anayepigwa kila akinguruma hofu yake haiondoki, ila anaacha kuonya. Siku nyingine ataanza na meno moja kwa moja, na hapo ndipo watu husema "ghafla."

Kuhusu viatu vya wifi ambavyo Komando alivitafuna. Alisema Komando alijua amekosa, maana alijikunyata na kuangalia chini. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alilipima jambo hilo. Wenye mbwa waliambiwa mbwa wao wamekula kilichokatazwa, wakati mwingine kwa kweli na wakati mwingine si kweli. Mbwa walijikunyata walipokaripiwa, hata wale ambao hawakuwa wamefanya lolote. Kwa hiyo uso ule wa "nimekosa" ni jibu la sauti yako na mkono wako ulioinuka. Mkimchapa jioni kwa kiatu alichotafuna asubuhi, anachojifunza ni kwamba mkirudi nyumbani mnakuwa hatari.

Na yule mfundishaji wenu anayesema lazima umwonyeshe mbwa nani mkubwa, umwangushe chini mpaka akubali, mlipe hela yake na umuage. Fikra hiyo ilitokana na mbwa mwitu (wale wanaoitwa wolf kwa Kiingereza) waliokusanywa kutoka sehemu mbalimbali na kufungiwa pamoja, ambao mtafiti Rudolf Schenkel aliandika habari zao mwaka 1947. Mtafiti David Mech, mmoja wa waliolieneza wazo hilo, baada ya kuwatazama miaka mingi porini aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la mbwa mwitu kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, na wazazi huongoza bila kupigania ukubwa. Komando hagombei nyumba yako. Anataka kujua atakula saa ngapi, atalala wapi, na nani hatamuumiza.

Sasa la kufanya. Kwanza kabisa, daktari wa mifugo, aje nyumbani wiki hii. Uliposema kadi ya chanjo imepotea, sikupata usingizi. Kichaa cha mbwa kipo Uganda, na dalili zikishatokea kwa mtu karibu hakuna anayepona. Karibu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani huambukizwa na mbwa. Komando achanjwe daktari akisema wakati umefika, na chanjo irudiwe kila mwaka au kama daktari atakavyosema. Yule kijana wa boda mtafute leo hii, umuulize kama jino liligusa ngozi. Hata kama ni mkwaruzo tu, mpeleke mwenyewe hospitali akaelezwe kuhusu sindano za kinga, na gharama ziwe zako. Akikupa taarifa ya jeraha, mbwa anatakiwa kuangaliwa siku 10 bila kuondoka nyumbani, na hiyo pekee inatosha kukuzuia usimpeleke popote. Wafundishe watoto: aking'atwa mtu, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, ndipo mwende hospitali. Msipake majani, mafuta wala pilipili.

Daktari huyo mwombe pia dawa ya minyoo na ya kupe, maana kupe wa hapa kwetu wanaua mbwa kwa homa kabla mwenyewe hajajua anaumwa nini. Muulize na habari ya kumhasi. Hakutamfanya kondoo, lakini kutampunguzia hamu ya kutoroka kila jike la jirani linapoingia kwenye joto.

Baada ya hapo, mnyororo utoke. Ua wako una ukuta na geti, una bahati ambayo wengi hawana. Weka uzio wa waya kutoka kona ya jikoni mpaka kwenye tangi, apate eneo la kuzunguka mchana watu wanapoingia na kutoka. Kibanda chake ni mabati matupu, saa nane mchana hata wewe usingekaa dakika moja. Kitieni kivuli, kiinueni kidogo kutoka chini ili maji ya mvua yasiingie, na ndoo ya maji safi iwe mahali asipoweza kuipindua.

Chakula: posho (ugali) tupu haimtoshi. Changanya na mukene (dagaa) iliyooshwa mchanga na kuchemshwa bila chumvi, au utumbo kutoka kwa muuza nyama, mara mbili kwa siku, saa zile zile. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, huvunjika vipande vyenye ncha. Vitunguu pia vinamdhuru, kwa hiyo mabaki ya mchuzi yaishie kwenye taka.

Halafu, zile siku 10 zikipita, atembee. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kubweka kwa usiku kunaanzia hapa. Mbwa aliyelala mchana kutwa kwa kukosa la kufanya, ukimfungulia saa nne ana nguvu za siku nzima na hana pa kuzitumia. Anasikia sauti nyembamba ambazo masikio yetu hayazipati, anawasikia mbwa wa mtaa wa pili, anawajibu wote. Mtoe saa kumi na mbili asubuhi kabla boda hazijajaa barabarani, na jioni tena, na kamba imara. Usiende naye mbio kama anayewahi basi. Mwache anuse. Kila nguzo na kila kichaka kina habari za nani kapita, na kunusa kunachosha akili yake na kumtuliza kuliko kukimbia. Siku za mwanzo atavuta na kubwekea watu. Ukiona mtu kwa mbali, geukeni mapema kabla hajalipuka, umpe kipande cha nyama akiwa bado ametulia. Polepole ataanza kuhusisha watu na nyama. Jambo hili linachukua miezi, na litakwenda mbele na kurudi nyuma.

Askari wenu ndiye awe anampa chakula cha jioni, kwa mkono wake na kwa sauti ya chini. Uhusiano wao umeharibika na hao wawili ndio wanaokesha pamoja. Wageni waambiwe wasimkodolee macho wala kumwinamia na kumshika kichwani. Wasimame kwa ubavu, wamwache aje mwenyewe au asije. Watoto wasimguse anapokula wala anapolala. Na radi zinapopiga, maana Kampala mvua haiji kimyakimya, na usiku wa fataki za mwaka mpya, aingie gereji au stoo. Ukikaa naye na kumshika hutamdekeza. Anaogopa kweli, na hofu haiongezeki kwa kufarijiwa.

Najua utaniambia habari ya dini, kwamba mbwa hakai karibu na watu wanaoswali. Hakuna aliyekuambia umlaze chumbani. Kumfuga kwa ulinzi kunaruhusiwa, na katika madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu hapa tunayafuata, chombo alichokilamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, na mambo yameisha. Mwekee bakuli lake na uwe na nguo ya kumshughulikia. Lakini kumbuka na kile tulichofundishwa madrasa tukiwa wadogo: yule mtu aliyemkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Na wale vijana wa pangoni walilala na mbwa wao mlangoni, naye ametajwa pamoja nao ndani ya Kurani. Mafundisho yaliyotufundisha kuosha chombo ndiyo hayo hayo yaliyotufundisha kumnywesha maji.

Kama unadhani mbwa wetu hawa wa kienyeji hawafai kitu zaidi ya kubweka, panda basi upite hapa Bombo mpaka Gulu. Kuna kazi iliyoanzishwa na Francis Okello Oloya, mtu aliyepofuka akiwa mtoto kwa bomu la vita, chini ya shirika la The BIG FIX Uganda. Wanawachukua mbwa waliotelekezwa, wanawatibu na kuwahasi, kisha wanawakutanisha na watu walioumizwa na vita vya Kony, yule kiongozi wa waasi wa kaskazini, watu wenye usiku mbaya na kumbukumbu nzito. Mtu na mbwa wanafunzwa pamoja kwa wiki nyingi, halafu wanaishi pamoja. Ni mbwa wa rangi ya Komando na masikio ya Komando, waliozaliwa kwenye mitaa kama yetu.

Ongea na wifi, usimwachie yeye mzigo huu wakati wewe uko kazini. Mtoto mkubwa ana miaka 12, anaweza kubadilisha maji na kupiga brashi mkiwa mnamwangalia, ila kamba ya matembezi iwe mikononi mwako.

Na ikiwa utajaribu haya yote na bado nyumba yako haimfai, basi mlete kwangu. Nina ua, nina mbuzi na kuku, na nina muda. Siku 10 ziwe zimepita, na uje naye mwenyewe mchana, usimtume na mtu. Leta kadi mpya ya chanjo, bakuli lake, na lile gunia analolalia usilifue, kwa sababu siku za kwanza atahitaji kitu chenye harufu anayoijua.

Dada yako,
Bombo