Mboga za Krismasi hupandwa sasa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu ukurasa wenu wa mapishi, na nalisema mapema kwa makusudi, mvua ya vuli ikiwa bado inanyesha. Kila mwaka ukurasa huo hutuletea mapishi ya sikukuu Krismasi ikiwa imeshabisha hodi. Mwaka jana ulinifikia tarehe 19 Desemba, mizigo yangu ikiwa imefungwa tayari. Ulikuwa na picha ya kuku mzima kwenye sinia, kazungukwa na majani na matunda ambayo nisingeyapata katika soko la Wakulima hapa Nakuru hata ningezunguka kutwa. Nilicheka, nikaukunja, nikafungia vitunguu saumu.

Picha naisamehe. Ninacholalamikia ni tarehe. Chakula kinachotoka shambani hakiamuliwi tarehe 19. Siku hiyo kilichobaki ni kununua tu, na kila mtu ananunua, na wenye maduka wanajua.

Nina kisa changu mwenyewe, na si cha kujisifu. Miaka mitatu iliyopita nilipewa jukumu la nyama. Huwa tunakusanyika kwa mama mkwe, Emuhaya katika Kaunti ya Vihiga, watu 30 hadi 40 hivi, wengi wakitokea Nairobi na Eldoret. Nikajiona mjanja. Nilinunua broila 12 waliogandishwa kutoka duka moja hapa mjini, nikawapanga kwenye katoni, nikawazungushia magazeti na shuka kuukuu. Kutoka Nakuru hadi Luanda, mji ulio karibu na Emuhaya, siku ya kawaida ni saa tano au pungufu. Tarehe 23 Desemba tulikwama kwenye foleni Salgaa mpaka dereva akazima gari, akashuka kununua mahindi ya kuchoma. Tulifika saa nne usiku, katoni imelowa chini na abiria wa kiti cha nyuma ameshaacha kunisemesha.

Mama mkwe alifungua katoni, akanusa, akaifunga. Hakusema kitu. Alimwita mjukuu wake mmoja akamwambia kesho yake asifungue banda la kuku mpaka yeye mwenyewe aamke.

Krismasi hiyo tulikula kuku sita wa kienyeji, watu 37. Ukipiga hesabu utaona haiwezekani, lakini hakuna aliyelala njaa, kwa sababu kuku hakuwa peke yake mezani. Mchuzi ulikuwa mwingi (jogoo mzee huchemka karibu saa mbili kabla ya kukaangwa, na supu yake huwezi kuilinganisha na ya broila wa wiki sita), ugali ulikuwa wa wimbi uliochanganywa na muhogo, na mboga zilikuwa za aina nne. Firigisi zilikwenda zinakojulikana, kwa wanaume. Hapo sitii neno, sitaki vita.

Mboga hizo ndizo zilizonifungua macho. Mama mkwe alikuwa amezipanda mwanzoni mwa Novemba bila kumwambia mtu, nyuma ya jikoni, kwenye kipande kisichozidi upana wa magari mawili ya matatu. Kunde na terere (mchicha) ukizipanda leo utaanza kuzichuma baada ya wiki tatu hadi nne. Mrenda nao haukawii. Saga (mgagani) na managu (mnavu) hutaka mwezi na siku kadhaa, kwa hiyo ndizo za kutangulia. Mvua ikikatika Desemba ilivyo desturi yake, debe moja la maji jioni linatosha kipande kama hicho.

Usiku wa tarehe 24 tulikaa barazani tukichambua mrenda. Asiyewahi kuifanya kazi hiyo hawezi kujua: jani dogo, bua refu, na gunia zima likishachemka hubaki sufuria moja. Wake wa shemeji zangu wa Nairobi walianza kwa kulalamikia kucha, na kufikia saa tano usiku walikuwa wakisimulia umbea ambao sitauandika hapa. Wanaume walipita mara mbili kuuliza kama kuna chai.

Mama mkwe alikuwa amechuja musherekha tangu asubuhi. Kwa wasomaji wa mbali, hayo ni maji ya majivu. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, majivu unayatia kwenye chombo chenye vitundu chini, unamimina maji taratibu, na kinachodondoka huwa na rangi kama ya strungi, chai isiyo na maziwa. Huyatia kidogo kwenye maji yanayochemka, kisha kunde, kisha mrenda. Yakizidi, mboga inaonja sabuni. Na sufuria haifunikwi, kwani mrenda ukifunikwa hufura na kumwagikia moto. Nilimwona akiinua mwiko, mboga ikavutika kama uzi na kukatika karibu na ukingo wa sufuria, akasema, "Epua." Managu yalikuwa yamechemshwa tangu jana yake, yakatiwa maziwa na kurudishwa motoni tena na tena mpaka uchungu ukabaki ule wa kupendeza tu. Wataalamu wa lishe hutuonya kwamba ukimwaga maji ya kuchemshia unamwaga vitamini pia, hasa C, na wana haki. Mrenda na kunde humwagi kitu. Kwa managu, mimi bado humwaga ya kwanza.

Kuna wanaoona haya kumwekea mgeni mboga hizi siku ya Krismasi, eti atadhani nyumba imefilisika. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya kiasili kwenye rejista yake ya mifano mizuri ya kulinda urithi, na kazi yenyewe ilianzia kwa jamii chache, wakiwamo Waisukha wa Kakamega, majirani wa Emuhaya hapo tu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha JKUAT amezitafiti mboga hizi kwa miaka mingi na kutueleza lishe iliyomo. Na bado shemeji zangu hufika kila Desemba buti la gari likiwa limejaa unga wa ngano na mafuta ya kupikia.

Chapati siziingilii. Najua sehemu kubwa ya ngano tunayokula huagizwa kutoka nje, lakini anayetaka kuondoa chapati kwenye Krismasi ya watoto wa nchi hii ajiandae kulala nje na mbwa. Ninachosema ni kwamba anayekwenda na mikono mitupu kutoka Nakuru hana sababu ya kuingia dukani kutafuta vya makopo. Barabara yenyewe ni soko. Hapa tuna viazi vya Molo, minji (njegere) na karoti za Njoro, vitu ambavyo Emuhaya havilimwi kwa wingi na mama mkwe huvipokea kwa vigelegele. Ukishuka kutoka Kericho unafika Ahero, na mchele wa pale unatoka kwenye mashamba unayoyaona kwa dirisha la gari. Huo ndio tunaoupikia pilau siku hizi. Njugu na omena nanunua Luanda, mwisho wa safari, ili nisizibebe kutwa.

Samaki ni habari nyingine. Ngege (tilapia) wengi wanaouzwa huku wametoka mbali wakiwa kwenye barafu, wengine China, na mwenye kibanda hatakwambia. Ukipita Kisumu asubuhi, nenda Dunga ufukweni ukajichagulie mwenyewe. Tazama jicho, liwe angavu na limejaa. Inua shavu, ndani pawe pekundu. Bonyeza nyama kwa kidole, irudi. Tangu yale ya broila mimi huwanunua wabichi tu siku ambayo nina hakika ya kufika kabla jua halijapanda, na nikichelewa nachukua waliokaushwa kwa moshi. Hao hawana haraka.

Matunda sina mengi ya kusema. Maembe ya kienyeji, yale ya nyuzi yanayokwama menoni, huanza kuiva wakati huo huo, na watoto hawasubiri kumenyewa. Mananasi yapo. Parachichi ndilo hutuponza: msimu wake mkubwa huku huwa umepita, na mengi yanayouzwa Desemba yamechumwa machanga, yanaozea kwenye gazeti bila kuiva. Kachumbari inaweza kukaa bila parachichi mpaka Machi.

Kuku wa Krismasi, ukitaka hesabu kamili, huanguliwa Juni. Yai hulaliwa siku 21, na kifaranga wa kienyeji huchukua miezi mitano sita hivi kufikia sufuria. Aliyekosa Juni amekosa. Lakini walio nao wana jambo moja la kufanya wiki hii, nalo ni kuwachanja dhidi ya kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle. Chanjo ni tone moja jichoni na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Nimeona boma likipoteza kuku wote ndani ya wiki moja, mwenyewe akawa mgeni kwa jirani siku ya sikukuu.

Kwa hiyo ombi langu, Mhariri, ni dogo. Leteni ukurasa wa mapishi ya Krismasi mwanzoni mwa Novemba. Andikeni ni mboga gani ipandwe na inachukua siku ngapi, waulizeni akina mama wa masoko ya Kibuye, Kisumu, na Luanda wanavyopika, kisha Desemba mrudie hayo mapishi pamoja na hiyo picha yenu ya kuku kwenye sinia mkitaka. Mkipata mtu anayejua kupima musherekha kwa kijiko badala ya kwa jicho, mwandikeni jina lake kwa herufi kubwa, kwa maana mimi nimejaribu hapa Nakuru mara tatu na mara mbili tumekula sabuni.

Wifi yangu alinipigia simu jana jioni. Anasema imenyesha siku nne mfululizo, kunde ameshapanda mistari minane na terere imeanza kuchipuka. Kuku wamebaki 11 kwa sababu mwewe amemchukua mmoja. Saga hajapanda. Mbegu aliyoweka ililiwa na wadudu, ananisubiri nimtumie nyingine, nami naipeleka stendi kesho asubuhi.

Mke wa Emuhaya,
Nakuru