Mgonjwa wa mitaani apewe mahali pa kupona

Mhariri,

Kifungu cha 43 cha Katiba yetu kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Na kweli, mara nyingi mtu wa mitaani akigongwa na gari hapa jijini hupata wa kumbeba, akafika hospitalini, akatibiwa. Taabu yake huanza siku anapoambiwa aende nyumbani.

Mimi ni muuguzi katika chumba cha kufunga vidonda, kwenye kituo kimoja cha afya hapa Nairobi. Mwezi Aprili, mvua ya masika ikiwa imechacha, aliletwa kijana anayelala karibu na raundiabauti ya Globe. Alikuwa amegongwa na bodaboda akavunjika muundi. Walimfunga plasta kuanzia pajani hadi vidoleni, wakampa magongo, tembe za maumivu na karatasi ya maagizo: plasta isilowe, inua mguu juu ya mto, rudi baada ya wiki sita. Magongo yaliibwa usiku uo huo. Alipofika kwangu, plasta ilikuwa imelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Niliikata kwa mkasi wa kawaida, nikakuta kidonda cha kisigino kimechimbika hadi karibu na mfupa. Nilipomuuliza mbona hakuinua mguu kama alivyoagizwa, alinijibu kwa upole, "Sista, niuinulie wapi?"

Alilazwa tena, safari hii kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza, na mfupa ulikuwa umeanza kuunga ukiwa umepinda.

Si yeye peke yake. Mzee mmoja mwenye kisukari huwekewa insulini yake na mama wa kibanda jirani, ndani ya friji ya soda, katikati ya chupa za Fanta. Mungu ambariki mama huyo. Lakini siku asipofungua kibanda, mzee hukosa dawa. Wapo pia wa kifua kikuu, wanaotakiwa kumeza dawa miezi sita bila kukatiza, huku dawa zenyewe zikikaa kwenye gunia wanalolalia.

Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini, na 15,337 kati yao walikuwa hapa Nairobi. Hawa ni wagonjwa wetu kama wengine.

Kuna miji iliyotangulia kulishughulikia jambo hili. Boston, Marekani, ilianza mwaka 1985 na vitanda 25 ndani ya makazi ya watu wasio na nyumba, kwa ajili ya wale ambao hawaumwi kiasi cha kulazwa hospitalini lakini hawawezi kupona barabarani. Leo wana kituo chenye vitanda zaidi ya 100, kinachoitwa kwa jina la muuguzi, Barbara McInnis. Daktari Jim O'Connell alipofika kufanya kazi na watu hao, wauguzi walimwambia kwanza aweke stethoskopu kando, awaoshe wagonjwa miguu. Sisi wa chumba cha vidonda tunaelewa kwa nini: ukimwosha mtu miguu utamwona vizuri, naye ataanza kukueleza.

Huko Chicago nako watafiti waliwafuatilia wagonjwa wasio na makao kwa mwaka mzima baada ya kutoka hospitalini, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Waliopata nafasi katika nyumba ya kupona walilazwa hospitalini siku 3.7 kwa wastani mwaka huo. Waliokosa nafasi walilazwa siku 8.3. Kwa hospitali zetu, ambazo wagonjwa wawili hulala kitanda kimoja, tofauti hiyo si ndogo.

Siombi hospitali mpya. Naomba Kaunti itafute ukumbi mkavu, iweke vitanda ishirini, choo, maji ya moto, chakula, friji ya dawa na muuguzi wa zamu, na daktari apite mara moja au mbili kwa wiki. Makanisa na misikiti ya katikati ya jiji ina kumbi ambazo hukaa tupu siku nyingi za wiki. Nimesikia hoja kwamba watu watajazana. Basi atakayepokelewa aje na barua ya hospitali inayosema anahitaji siku ngapi, na siku hizo zitumike pia kumtafutia kitambulisho, kwa maana bila hicho hawezi kusajiliwa katika SHA, bima ya afya ya serikali.

Wakati tukisubiri ukumbi huo, hospitali zinaweza kuongeza swali moja kwenye fomu ya kumruhusu mgonjwa: utalala wapi usiku wa leo? Jibu likiwa barabarani, muuguzi awe na mamlaka ya kuzuia ruhusa hiyo hadi afisa wa ustawi wa jamii afike wodini, na siku hizo za kusubiri zisiongezwe kwenye bili ya mgonjwa.

Muuguzi,
Eastlands, Nairobi